Kufa Mara Moja Hakutoshi

Kwetu Moa mtu akifa asubuhi, alasiri keshazikwa. Hakuna anayeitisha kikao. Tanzia inatoka msikitini, vijana wanachukua majembe na sepetu bila kuulizana, sanda inatoka dukani hata kwa mkopo, waoshaji wanajijua, wachimba mwanandani wanajijua, wa kukata viunza anajijua, akina mama wanateka maji na kubandika masufuria, walioko baharini wanapigiwa simu wageuze chombo. Jeneza la msikiti halina mwenyewe na halina fomu. Wa Jasini watafika, wa Kwale watafika, wa Vanga watavuka, na jua halijachwa watu wameshakaa jamvini wanakunywa kahawa na kumtaja marehemu kwa mema. Kazi yote hiyo, tangu pumzi ya mwisho hadi talkini, inakwisha ndani ya saa chache, inafanywa na watu ambao hawajapata kuhudhuria semina hata moja ya mazishi, na haijapata kutokea maiti akarudishwa nyumbani kwa sababu jina lake limekosewa herufi.

Ndipo inapoanza zamu ya serikali.

Tusieleweke vibaya. Serikali ni yetu, na sisi ni watu wa kushukuru. Barabara ya Tanga hadi Horohoro imewekwa lami, tumeshukuru. Tumepewa wilaya yetu, Mkinga, maana zamani kila jambo lilikuwa Muheza, tumeshukuru na hilo. Tunachonong'ona barazani, na ndani ya hiace, na kwenye mabenchi ya kungojea kuitwa, ni hiki kimoja: mtu wetu amekufa mara moja tu, mbele ya macho ya kijiji kizima. Kwa nini inabidi afe tena dirishani, halafu afe benki, halafu afe kwenye laini ya simu, afe mahakamani, afe kwenye mfuko wa pensheni, na kila anakofika wanashtuka, hawana habari, ndiyo kwanza wanasikia?

Sheria ipo na maneno yake si magumu. Sheria ya Uandikishaji wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Aliyefia hospitali, hospitali inaandika. Aliyefia nyumbani, na huku kwetu wengi hufia nyumbani, ndugu aende kwa mtendaji wa kijiji apate kibali cha mazishi, akipeleke wilayani kwa msajili, apewe cheti cha kifo. Kwa mpango huo kibali kinatangulia na mazishi yanafuata. Pwani nzima mazishi yanatangulia. Mtendaji siku hiyo yuko kikaoni kwenye kata, au yuko kwenye zoezi, maana watendaji wana mazoezi kuliko wanajeshi, au yeye yupo ila muhuri umesafiri. Maiti hangoji muhuri. Kwa hiyo kibali cha kumzika mtu kinaandikwa mtu ana wiki chini ya ardhi, na hakuna anayeona ajabu.

Halafu siku zenyewe 30. Anayehitaji cheti kwa haraka kuliko wote ni mjane, na mjane yumo edani. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, na kama dirisha la serikali ni dharura au si dharura masheikh hawajalizungumza. Sheria ya nchi inamtaka atoke ndani ya mwezi mmoja. Sheria ya dini inamwambia akae zaidi ya minne. Waislamu wa pwani hii hawakugunduliwa jana, wala eda haikuletwa na meli ya juzi, lakini inaonekana hakuna mtu aliyekaa na kalamu akaziweka hesabu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja. Basi anatumwa shemeji. Shemeji akifika anaulizwa, "Wewe ni nani wa marehemu?" Mdogo wake. "Uthibitisho?" Uthibitisho wa udugu ni barua ya kijiji, na barua ya kijiji iko kijijini. Anaifuata. Akirudi nayo siku 30 zimepita, sasa jambo lake limebadilika jina, limekuwa la waliochelewa, na waliochelewa wana fomu yao na vielelezo vyao.

Kutoka Moa unatoka alfajiri kwa bodaboda, kiangazi vumbi, masika tope, hadi kwenye lami. Hapo unangoja hiace inayotoka Horohoro, ambayo imejaa tangu huko Horohoro. Unashuka Kasera, makao ya wilaya. Ukijidai umewahi, unawakuta wa Maramba na Daluni na Bwiti wameshafika, wametoka huko bara usiku. Yanayofuata si ya wilaya yetu peke yake wala si ya ofisi moja. Waulizeni watu wa Pangani, waulizeni wa Kilwa, watawasimulia hayo hayo na kuwaongezea.

Ofisi za nchi hii hazimkatai mtu. Hilo lijulikane, tusizizushie. Zinamwambia tu kwamba kimoja kimepungua. Leo imepungua nakala ya kitambulisho cha marehemu. Ukileta nakala, imepungua barua ya utambulisho. Ukileta barua, aliyepungua ni mhusika, yuko mkoani kikazi. Mhusika akirudi, sistimu imegoma. Sistimu ikitengemaa, umeme umekatika. Umeme ukiwaka, ni saa tisa na nusu na mlinzi anatingisha funguo. Na wote hao, kuanzia mlinzi, ni watu wapole, wana adabu, wanaongea kwa sauti ya chini. "Pole sana mzee kwa msiba," wanakwambia, na pole ile inatoka moyoni. Tumepewa pole nyingi kuliko vyeti.

Majina ndiyo yanayotumaliza. Mtu wa kwetu anazaliwa Abubakari, mamake anamwita Bakari, chuoni ni Abuubakar, kwenye kadi ya kliniki ya mwanawe ni Bakary kwa herufi y kwa kuwa nesi ametoka mikoa ya huko, kwenye kadi ya mpiga kura ni Bakari Salehe, kwenye kitambulisho cha taifa ni Abubakar Saleh Mwinyi maana siku ile aliulizwa jina la tatu akalitoa, benki ni B. S. Mwinyi, na kijiji kizima kinamjua kwa jina la ngalawa yake. Alipokuwa hai majina yote hayo yalikula sahani moja. Amekufa, yamekuwa watu saba, na kila ofisi ina marehemu wake haitaki kumpokea wa mwenzake. Dawa yake ni kiapo. Unakwenda mjini kwa wakili, unalipa, anaandika kwamba huyu na huyu na huyu ni mtu mmoja, anapiga muhuri. Wakili hajapata kumwona hata mmoja kati ya hao saba, lakini yeye anaaminika. Sisi tuliomwosha hatuaminiki.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ni kesi. Wazee wetu walizaliwa mwanzo wa kaskazi, walizaliwa mwaka wa njaa, walizaliwa mwaka ule jahazi la fulani lilipovunjika mwambani. Siku ya kuandikishwa kitambulisho karani alikisia, na kila karani alikisia kwa macho yake. Mtu mmoja anaingia kaburini na miaka 68 kwa karatasi hii, 71 kwa ile, na 75 kwa kadi ya hospitali ya macho. Fomu ina nafasi ya umri mmoja.

Haya yana asili yake. Mzizi wa sheria yetu ni amri ya Mwingereza ya mwaka 1920, na ilipoanza kazi walioshurutishwa kuandikishwa walikuwa wasio Waafrika. Mzungu akifa aandikwe, Mhindi akifa aandikwe. Mdigo na Msegeju akifa, hilo lilikuwa lake na nduguze. Babu zetu hawakuandikwa kwa sababu hawakuhesabika. Siku hizi tunahesabika, na tangu 2006 kazi hiyo iko mikononi mwa RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini, wenye tovuti na namba za malipo na fomu za kujaza mtandaoni. Ni maendeleo, nani atabisha. Tumetoka kwenye kutotakiwa kabisa tukaingia kwenye kutakiwa na nakala tatu.

Hiyo ya mtandaoni tuipitie kwa haraka, kama wenyewe wanavyoipitia. Mzee wa Moa hana barua pepe. Anakwenda kwa kijana wa steshenari, kijana anamfungulia, anampiga picha karatasi zake, anazipandisha, zinakataa, anazipunguza, zinapanda, anamwambia nenda nyumbani mzee utapata ujumbe. Ujumbe unakwenda kwenye simu ya kijana. Kijana amehama.

Tufanye cheti kimetoka. Ada yake si ya kulalamikia, wala hatuilalamikii. Kinachouma ni nauli ya bodaboda, nauli ya hiace, chai, kopi, na siku nzima ambayo dagaa hawakuanikwa. Lakini ukikipata usishangilie mbele za watu, kwa sababu cheti cha kifo si mwisho wa jambo. Ni ruhusa ya kulianza.

Mahakama ya Mwanzo inataka muhtasari wa kikao cha ukoo, kikao kilichompendekeza msimamizi wa mirathi. Sasa ukoo wa mtu wa Moa hauko Moa. Mmoja yuko Vanga, mmoja Mombasa, mmoja Unguja, mmoja Muskati, na mmoja yuko hapa hapa nyumba ya tatu ila hasemi na wenzake tangu ugomvi wa shamba la minazi. Kikao kinaitwa, hakitimii. Kinaitwa tena, wa Muskati anahudhuria kwa simu na kulia kuliko wote, lakini simu haitii saini. Yule wa minazi anakuja, anakaa mlangoni, anakunywa uji, anasema hana neno, na wakati wa kutia saini anaondoka. Halafu muhtasari wenyewe una namna yake ya kuandikwa, hauandikwi ovyo, unaandikwa steshenari, na kijana wa steshenari (mwingine, huyu hajahama) ameshaandika mihtasari ya koo nyingi hata anamjua atakayependekezwa kabla ukoo haujakaa.

Baada ya hapo ni fomu namba moja ya kuomba, tangazo linabandikwa, kwa kawaida mnangoja siku 90 ajitokeze mwenye pingamizi, kisha fomu namba nne ya kuteuliwa, kisha namba tano ya kuorodhesha mali, kisha namba sita ya kuonyesha umegawaje. Hatuzibezi siku zile 90. Zinamkinga yatima na ami mwenye haraka, na ami wa namna hiyo tunao, tunawajua kwa majina na kwa ngalawa. Tunachouliza ni kwa nini kila meza inataka kuanza mazungumzo upya. Hakimu ameshakubali kwamba mtu huyu amekufa, hakimu wa Jamhuri, na ngao ya taifa iko ukutani nyuma yake. Unakwenda na karatasi yake benki, benki wanasema watume makao makuu wahakiki. Unakwenda kwenye kampuni ya simu kufuata laki mbili alizoacha marehemu kwenye laini yake, unaambiwa leta na karatasi za benki, zinaweza kusaidia. Kwa kufuata laki mbili mtu anatumia laki na ushei, akikumbuka kuhesabu anakaa chini. Wengi huiacha pesa huko huko. Laini ikifungwa, pesa ya maiti sijui nani anaila, ila sisi hatuli.

Pensheni ina vichekesho vyake. Mstaafu akiwa hai anaitwa kwenye uhakiki, aje kuthibitisha kwamba yu hai. Anakuja na mkongojo, anapandishwa ngazi, anatazamwa, anaonekana yu hai, anaandikwa. Akifa, mwanawe anaitwa kuthibitisha kwamba amekufa. Ukiwa hai hawaamini, ukiwa umekufa hawaamini. Na bado mwaka 2016 walipopekuliwa wafanyakazi hewa, zaidi ya 10,000 waliondolewa kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na miongoni mwao wamo waliokwisha kuzikwa. Yaani kuna aliyekufa bila kuripotiwa, mshahara ukawa unaingia, na kuna aliyeripotiwa kwa wakati, na karatasi zote, mjane wake bado amekaa kwenye benchi. Hesabu hii tumeipiga barazani kwa kila njia. Kila njia, faida iko kwa asiyeripoti.

Wala si kwamba watu wa huku wanaficha maiti. Hawana sababu ya kuwatangaza, basi. Mama aliyekuwa analima mwani akifa ameacha kamba zake, vigingi na kanga mbili tatu. Nani atapanda hiace kufuatia cheti chake? Hakuna benki inayokiuliza, hakuna mahakama inayokitaka, watoto hawadai chochote kwa mtu. Kichanga cha wiki mbili kikifariki, hata wazo la cheti halimjii mtu. Ukitazama vizuri utaona anayefuatiliwa cheti ni aliyeacha kitu: nyumba, kiinua mgongo, akaunti, chombo cha mashine. Vitabu vya vifo vimejaa wenye mali. Fukara wa pwani anakufa na idadi ya watu haipungui. Kisha linakuja gari lenye bendera ubavuni, wanashuka watu wenye madaftari, wanauliza kwa nini takwimu za vifo vya wajawazito hazieleweki huku, nini kinaua watoto, malaria au maji au kitu gani. Tuliozika tunajua. Hatukuulizwa wakati ule, na sasa tumeshasahau tarehe.

Kuna na wale ambao hata kuzikwa hawakuzikwa. Kusi ikikaza mwezi wa sita na wa saba, chombo kinatoka hakirudi. Vijana wanatafuta siku kadhaa, wanaokota ubao, wanaokota dumu. Tunajua. Tunasoma hitima. Lakini mwenye kuandika kifo anataka maiti, au aliyemwona maiti, na bahari haitoi kibali cha mazishi. Mkewe mtaani ni mjane, benki ni mke wa mtu aliyesafiri. Meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, waliopotea moja kwa moja walikuwa wengi kuliko maiti walioopolewa, na huko angalau dunia nzima ilisikia na tume ikaundwa. Ngalawa ya watu wawili haiundiwi tume. Sheria ya mtu kudhaniwa amekufa ipo, ni ya kungoja miaka na kwenda mahakamani, na mtoto wa darasa la tano anataka daftari Jumatatu.

Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, Vanga na Lunga Lunga, kifo cha nyumbani kinaandikishwa kwa naibu chifu, mtu wa pale pale, ambaye huenda yuko jamvini pamoja nanyi anakunywa kahawa ile ile. Tusiwasifu kupita kiasi, wana manung'uniko yao, na wakianza hamtalala. Lakini safari yao ya kwanza ni ya miguu. Balaa letu la pamoja ni mtu aliyekosea upande wa kufia. Mzee wa huku amepelekwa kwa mwanawe Msambweni kutibiwa, amefia huko, amezikwa kwao. Karatasi ya Kenya, kaburi la Tanzania. Huku wanaigeuza mbele na nyuma, wanasema hii si yetu. Kule wanasema marehemu si wetu. Mpaka huu tunauvuka na samaki, na maharusi, na maiti, tangu haujachorwa. Karatasi tu ndizo haziuvuki.

Tungenyamaza kabisa, tukasema nchi ni maskini, haiwezi, tuvumilie. Shida ni kwamba tumeiona ikiweza. Walipotaka laini zote za simu ziandikishwe kwa alama za vidole, na mwisho ukawekwa tarehe 20 Januari 2020, walitufikia. Walikuja na meza na mwavuli na kamashine, wakakaa chini ya mwembe, kikongwe asiyeona alishikwa kidole chake kikabandikwa kiooni kwa upole mkubwa. Hakuna aliyeambiwa kimoja kimepungua. Na ilipoamuliwa watoto wa chini ya miaka mitano wapewe vyeti vya kuzaliwa, kuanzia Mbeya mwaka 2013 na kwenda mkoa kwa mkoa, usajili ulishushwa hadi ofisi za kata na kliniki, bure, mtoto anaandikwa siku anayochanjwa. Kwa hiyo njia ya kutoka wilayani hadi kata serikali inaijua. Imeshaipita ikimfuata anayezaliwa. Anayekufa ndiye anaambiwa aifuate yeye.

Rwanda, ambao tunapenda kuwataja, tangu 2020 kizazi na kifo kinaandikwa hospitalini na kwenye vituo vya afya, hapo hapo kilipotokea. Ndugu zetu walioko Uingereza wanasimulia jambo ambalo barazani lilionekana ni uongo wa watu wa Ulaya: ukishaandikisha kifo kwa msajili unapewa namba, unatoa taarifa mara moja, na idara nyingine za serikali zinaambiana zenyewe, ya pensheni, ya kodi, ya pasipoti, ya leseni ya gari. Mzee mmoja aliuliza, "Sasa hao makarani wa idara nyingine wanafanya kazi gani?" Hakujibiwa.

Na huku neno hilo tunalo. Kila kiongozi akishika kipaza sauti anasema mifumo isomane. Tumelisikia redioni, tumelisikia bungeni, tumelizoea. Inavyoonekana mifumo imeshajifunza kusomana mahali panapohusu kudai. Ukiwa na deni inajua jina lako lote, hata la tatu, na kwa herufi sahihi.

Katika pengo hilo la ofisi na ofisi ndimo wanamoishi vishoka. Kishoka yuko nje ya ofisi, amechomekea shati, ana bahasha ya kaki. Anakuamkia vizuri kuliko aliye ndani. Anakwambia shikamoo mzee, nani amefariki, tarehe ngapi, jina umelipatanisha? Ndani ya dakika mbili ameeleza utaratibu wote ambao ukutani haukubandikwa, na bei yake. Wengine wamepewa vyeti vya kweli kwa njia hiyo, wengine vya uongo, na tofauti unaijua siku hakimu anapokiinua juu kwenye mwanga. Mbele ya msikiti tunamlaani kishoka. Mbele ya ofisi tunamtafuta.

Tunachokiomba hata si kikubwa. Mtendaji wa kijiji ana kitabu cha risiti za ushuru, anakitembeza mpaka gulioni, na muhuri wa kitabu kile haujapata kusafiri. Apewe na cha vifo. Akae nacho jamvini siku ya tatu, watu wakiwa wamekusanyika, mashahidi wote wapo, wanaoyajua majina yote saba wapo, kila mwenye neno aseme, andika, funga. Zahanati iandike waliofia kwake, karatasi ya naibu chifu wa ng'ambo itambuliwe, na mjane asitoke edani. Kisha hiyo karatasi moja iende yenyewe wilayani, mkoani, mahakamani na benki. Sisi tutabaki na kazi tuliyoizoea.

Mpaka hapo, atakayefiwa wiki hii, Mungu amtie subira. Jina la marehemu aliandike kwa herufi zile zile za kitambulisho cha taifa hata kama zimekosewa. Kibali akichukue kabla muhuri haujaondoka. Wakisema kopi tatu atoe tano, na kalamu awe na yake. Cheti cha kuzaliwa cha marehemu kitaulizwa, hana, aseme tu hana. Ofisi zinafunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu. Ijumaa asiende, anapoteza nauli.